Nyanya za Februari

Nidhal binti Abdulwahid alizaliwa Zubeir, kule Basra, katika nyumba iliyojua mambo matatu: kusali, kulima nyanya, na kugombana juu ya bei ya nyanya. Alipoolewa akaletwa Baghdad, mtaa wa Karrada, aliliacha shamba lakini shamba halikumwacha. Hata baada ya mumewe, mwalimu wa jiografia, kufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo na kumwachia mtoto mmoja, Muhannad, majirani waliendelea kumbishia hodi na vikapu vyao wamuulize kama nyanya walizouziwa ni za kusini au za ng'ambo. Alinusa kikonyo tu akajua. Hakukosea hata siku moja.

Riziki yake ilikuwa benki, dawati la kutuma fedha nje. Na mambo ya dawati lile yalikuwa hivi: nchi inauza mafuta kwa dola, na dola hizo zinakaa Marekani. Benki Kuu inaziuza kwa mabenki, na mabenki yanawauzia wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa. Mfanyabiashara analeta dinari zake, analeta ankara ya mzigo, analeta karatasi ya forodha. Nidhal anakagua. Muhuri upo? Sahihi ipo? Tarehe zinaoana? Basi, dola zinaondoka. Mzigo ukiwa wa kweli, utakuja. Ukiwa wa karatasi tu, dola zinakwenda zinakokwenda, na huko zinakokwenda si mahali pa kuulizia kwa sauti.

Februari ya mwaka 2019 ililetwa ankara ya kampuni iliyoitwa Rawabi al-Hadar. Tani mia sita za nyanya, dola nne kwa kilo. Nidhal aliisoma mara tatu. Wiki ile ile kaka yake alikuwa amempigia simu kutoka Zubeir akitukana, kwamba wakulima wamemwaga lori zima la nyanya katikati ya barabara kwa hasira, maana sanduku lilikuwa halifiki hata bei ya mikate miwili ya falafeli. Februari nyanya za Zubeir ni nyingi kama mchanga. Nani ana wazimu wa kuagiza nyanya nje mwezi ule, na kwa bei ya pistachio?

Akachukua faili akaenda kwa meneja, Ustadhi Munqith, mtu mnene mpole aliyependa kusafisha miwani yake kwa tai.

"Ustadhi, hizi nyanya hazipo."

"Hazipo wapi?"

"Hazipo duniani."

Munqith akacheka. "Mama Muhannad, hapa ni benki au ni genge la mboga? Muhuri upo?"

"Upo."

"Sahihi?"

"Ipo."

"Sasa wewe umeletewa nyanya au umeletewa karatasi?"

"Karatasi."

"Alhamdulillahi. Karatasi haiozi. Pitisha."

Akapitisha. Lakini kabla ya kulifunga faili, mkono wake ukachukua penseli, ukaandika pembeni kwa herufi ndogo: *Bei hii si ya nyanya.* Hakutia sahihi. Aliyeketi mbele yake, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi, Sabih, alimwona akaguna.

"Penseli," akasema Sabih, "ni ushujaa wa waoga."

"Na kalamu ya wino?"

"Kalamu ya wino huacha wajane. Tulia na penseli yako, dada."

Sabih alikuwa na utani wa namna hiyo. Mwaka uliofuata corona ikamchukua ndani ya siku tisa, akamwacha mkewe, Rajaa, peke yake, hawakujaaliwa mtoto. Benki ikaanza kumlipa Rajaa posho ya mjane kila mwezi. Nidhal kwa muda wote ule alikuwa ameandika maneno ya penseli kwenye mafaili kumi na moja: vitunguu, matikiti, vifaranga kwa bei ya mbuzi. Baada ya Sabih kufa, akaacha. Hakuwa na wa kumwona tena, na upweke humtia mtu woga.

Mwisho wa mwaka 2022 Wamarekani wakafunga bomba la dola. Walitaka kila dola inayotoka ipite kwenye mfumo mpya, na jina la atakayeipokea mwisho wa safari lijulikane. Waliosema hii ni vita dhidi ya wezi walisema, na waliosema hii ni vita dhidi ya jirani yetu wa mashariki walisema, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake kwenye televisheni. Pale benki, maombi kumi yakipelekwa, manane yalirudi. Dinari ikaanguka. Dawa za sukari zikapanda, mafuta ya kupikia yakapanda. Abu Sattar, mzee aliyewachuuzia chai kwenye korido, alikuwa akiweka visahani mezani kwa kishindo.

"Wamefunga bomba kule kwao, kikombe changu kimekauka huku," alisema. "Mimi na Wamarekani wapi na wapi? Nauza chai!"

"Watu wazito wanazungumza, Abu Sattar," Munqith akamwambia. "Subira."

"Wazungumze. Lakini kuanzia leo sukari mnanunua nyie."

Wakubwa wa benki waliogopa jina la benki lisije likatokea kwenye orodha ya mabenki yatakayokatwa dola. Wakaajiri wakaguzi kutoka Amman waje waipekue benki na kuiandikia ripoti njema. Aliyeongoza wakaguzi alikuwa mwanamke mmoja wa Kijordani, Lubna, wa miaka thelathini na kitu, aliyevaa koti hata ndani na kusema "samahani" kabla ya kila swali. Siku ya sita akamwita Nidhal chumbani, Munqith akiwepo. Mezani kulikuwa na mafaili kumi na moja, yamefunguliwa.

"Samahani, Mama Muhannad. Huu mwandiko wa penseli ni wa nani?"

Nidhal alitazama yale maneno yake. Yalikuwa madogo kuliko alivyoyakumbuka. Kabla hajafumbua mdomo, Munqith akasema, "Tutachunguza, binti yangu. Kazi ya zamani hiyo, watu wengi wamepita hapa."

Kwenye korido akamshika Nidhal kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unajua ulichotufanyia?" Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Bila penseli yako tulikuwa wajinga. Mjinga husamehewa. Sasa tunaonekana tulijua."

"Tulijua, ustadhi."

"Nyamaza! Unadhani ni mimi unayepaswa kuniogopa? Rawabi al-Hadar ni ya Hajji Ghadban. Nenda nyumbani. Usiseme na mtu."

Hajji Ghadban hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa na malori, alikuwa na kituo cha redio, na alikuwa na vijana wenye bunduki waliokuwa na bendera yao wenyewe. Nidhal aliteremka ngazi, akaenda nyumbani.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mgeni akabisha hodi nyumbani kwake. Mtu wa makamo, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ndevu fupi, mkononi boksi la peremende za mana kutoka duka ghali la Karrada. Alisema anaitwa Abu Tayba na kwamba ametumwa na watu wanaomtakia mema. Mgeni ni mgeni. Nidhal akamkaribisha, akaacha mlango wazi kama desturi ilivyotaka, akamwekea chai. Mgeni akakoroga sukari polepole, akausifu usafi wa nyumba, akamwombea marehemu mwalimu.

"Nasikia mwanao anamaliza uhandisi mwaka huu."

"Inshallah."

"Kijana mwenye adabu. Hupanda basi la saa moja na robo, hukaa nyuma, hasumbui mtu. Ila viatu vyake, dada yangu, cha kushoto kimeachia soli. Baridi hii! Mnunulie vingine."

Nidhal aliliweka birika chini. Hakuwa amekiona kiatu cha mwanawe. Yeye mama, mwenye nyumba, hakuwa amekiona.

"Mnataka nini kwangu?"

"Sisi? Hatutaki kitu. Wageni wa Amman ndio wanaotaka. Wanataka jina." Abu Tayba akanywa chai, akashusha kikombe. "Maandishi ya penseli hayana mwenyewe. Lakini marehemu Sabih, Mungu amrehemu, si alikaa dawati lile lile? Sema ni yake. Sema aliyaandika akayaficha, hakumwambia meneja wala mtu. Basi, benki imepona, Hajji amepona, na wewe umepona. Maiti haitwi mahakamani."

"Sabih ana mke."

"Na wewe una mtoto," akasema yule bwana kwa upole, kama anayemkumbusha kitu alichosahau dukani. Akanyanyuka, akashukuru kwa chai, akaondoka. Jioni Muhannad aliporudi, mama yake alimwambia avue viatu kabla hata hajaitikia salamu. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia.

Kesho yake, Ijumaa, Nidhal akaenda kwa Rajaa, nyumba ndogo ya uani huko Hayy al-Amil. Rajaa alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu kutoka paa moja hadi jingine, na alimpokea kwa makelele yale yale ya siku zote: "Aa, leo jua limechomoza wapi? Umenikumbuka au umekosea nyumba?" Lakini alipomtazama usoni alimvuta ndani, akamketisha jikoni.

Nidhal akamweleza yote, hakuacha neno. Alipomaliza alitarajia kutukanwa. Nadhani alikuwa amekwenda kutukanwa, ili apate nguvu ya kukataa.

Rajaa alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuchambua.

"Sema ni Sabih," akasema.

"Rajaa!"

"Mume wangu hawezi kufa mara mbili. Mwanao anaweza kufa mara moja. Hesabu gani inakushinda, na wewe ni mtu wa benki?"

"Watamchafulia jina."

"Nani anayelijua jina lake? Mimi na wewe. Mimi sitaamini. Wewe utaamini?" Akasukuma sahani ya dengu mbele yake. "Nisaidie, macho yangu siku hizi hayayaoni mawe."

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi, Nidhal akamwambia Lubna kwamba mwandiko ule ni wa marehemu Sabih. Lubna alimtazama kwa muda mrefu, kalamu mkononi.

"Una hakika, mama?"

"Nilikaa mbele yake miaka kumi na mmoja."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo jambo la pekee la kweli alilolisema siku ile. Lubna akaandika.

Siku zikapita bila neno, na Nidhal akaanza kulala. Kisha mambo yakaja kwa mfuatano, kama vyombo vinavyoanguka kabatini. Kiangazi orodha ikatoka, na benki yao ilikuwemo, ripoti njema au si njema. Dola zikakatwa. Nusu ya wafanyakazi wakapewa barua. Wakubwa wa benki, wakitaka kuonyesha kwamba wametubu, wakatoa tangazo kwamba kasoro zote za zamani zilifichwa na "mtumishi mmoja aliyekwisha fariki," na kwa hiyo haki zake zote zimefutwa. Posho ya Rajaa ikasimama mwezi huo huo. Wiki iliyofuata vijana watatu wakaingia kwake mchana kweupe, wakasema wanatafuta karatasi za marehemu. Walipasua magodoro. Walichukua hata albamu ya harusi.

Na Hajji Ghadban? Nidhal alimwona kwenye televisheni baridi ilipoanza, akiwa jikoni anakaanga biringani. Hajji alikuwa uwanja wa ndege, suti ya kijivu, katikati ya ujumbe wa wafanyabiashara unaokwenda ng'ambo kujadiliana na hao hao Wamarekani namna ya kuyarudisha mabenki kwenye njia iliyonyooka. Mtangazaji alimwita mtaalamu. Waliofunga bomba walimhitaji mtu anayejua mabomba yote yanapopita, na waliofungiwa walimhitaji vilevile. Akawa wa lazima kwa pande zote mbili. Biringani ziliungua, Nidhal hakuzigeuza.

Akampigia Lubna Amman.

"Binti yangu, nilikudanganya. Mwandiko ule ni wangu. Nitaandika, nitatia sahihi kwa wino."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mlango ukifungwa.

"Mama, samahani. Nilijua," akasema Lubna. "Mafaili matatu kati ya yale yana tarehe za wiki ambayo Sabih alikuwa likizo. Niliandika hivyo kwenye ripoti. Ukurasa ule ukaondolewa na watu walio juu yangu. Na wao waliambiwa na watu walio juu yao. Jambo hili sasa linazungumzwa kati ya serikali na serikali. Hakuna anayetafuta mwandishi wa penseli. Tafadhali usinipigie tena kwa namba hii."

Nidhal akakaa na simu mkononi. Alikuwa amemtoa mtu kaburini akamsimamisha kizimbani, na wala hawakumhitaji.

Kwanza akamwondoa Muhannad. Kijana alikuwa amemaliza mitihani. Akampeleka Suleimaniya kaskazini, kwa shangazi yake aliyeolewa na Mkurdi. Muhannad alibisha.

"Mama, nikimbie nini? Sijafanya kosa."

"Ndiyo maana unakimbia. Mwenye kosa amepanda ndege ya serikali."

"Na wewe?"

"Mimi nina shughuli ya wiki mbili. Vaa sweta."

Shughuli yenyewe ilikuwa mahakama ya kazi. Rajaa alikuwa amefungua shauri la kudai posho yake, na wakili wa benki alikuwa amekwisha kumwambia hakimu kwamba ushahidi wa kosa la Sabih ni maneno ya Nidhal, ambayo yako kwenye ripoti. Siku ya kusikilizwa, Nidhal akaingia na abaya yake nyeusi, akasimama pale wanaposimama mashahidi. Munqith alikuwa benchi la pili. Alipomwona alivua miwani, akaanza kuisafisha.

"Wewe ni shahidi wa upande gani?" akauliza hakimu, mzee mwenye kikohozi.

"Wa mlalamikaji, bwana hakimu."

"Lakini jina lako liko upande wa benki."

"Liko. Nilisema uongo. Nipe kalamu na karatasi niandike mbele yako maneno matano, kisha ulete faili ulinganishe."

Akaandika kwa wino: *Bei hii si ya nyanya.* Hakimu akaliita faili, akaweka karatasi mbili pamoja, akatazama, akakohoa, akatazama tena. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine yeyote, si wa Baghdad wala wa ng'ambo, aliyewahi kumuuliza.

"Na kwa nini bei haikuwa ya nyanya?"

Nidhal akamweleza. Alieleza Zubeir, mchanga, vibanda vya nailoni vya kukinga miche na baridi, masanduku, lori lililomwagwa barabarani. Karani alikuwa anaandika kila neno. Wakili wa benki akasimama kupinga mara mbili, mara ya pili hakimu akamwambia, "Keti, mimi pia hula nyanya." Watu wakacheka, lakini Munqith alikuwa amekwisha toka.

Hukumu ilitoka baada ya mwezi: posho ya Rajaa irudishwe na malimbikizo yake yote. Juu ya Rawabi al-Hadar hakimu hakuandika lolote, kwa kuwa hilo, alisema, si shauri lililo mbele yake. Lakini maneno ya Nidhal yalibaki kwenye kumbukumbu za mahakama, yamepigwa muhuri, na jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake, na mtaa anaokaa.

Siku hiyo hiyo simu ikalia.

"Mama Muhannad, nimesikia ulikwenda mahakamani." Sauti ilikuwa ile ile ya upole. "Mungu akupe umri."

"Amina," akajibu Nidhal, maana mtu hujibu nini? "Na wewe vilevile, Abu Tayba."

"Suleimaniya baridi ni kali kuliko huku. Msalimie."

Usiku ule hakulala, wala Muhannad hakulala, maana mama yake alikuwa akimpigia simu kila saa. Kesho yake shangazi na mumewe wakamhamisha kutoka nyumba yao hadi nyumba nyingine, na baada ya wiki mbili akavuka mpaka kwenda Uturuki. Mpaka leo yuko huko, anafanya kazi ya kufunga vipoza hewa, naye hajamwambia mama yake jina la mtaa anaokaa. Wamekubaliana hivyo.

Barua ya kufukuzwa kazi ilimkuta Nidhal akiwa amekwisha kufungasha. Rajaa alimjia na gari la kukodi, akapakia mwenyewe magodoro akimfokea dereva. "Wajane wawili katika nyumba moja," alisema, "kodi moja, woga mmoja. Panda."

Wakakaa Hayy al-Amil. Siku ya tatu gari jeupe lisilo na namba likaja likasimama ng'ambo ya barabara, vioo vyeusi, injini inanguruma. Likaondoka saa ya magharibi. Kesho yake likarudi, na keshokutwa yake. Majirani wakaacha kuwatuma watoto kwa Rajaa kuomba chumvi. Muuza mikate ya samuni akawa anauacha mkate ukutani bila kubisha.

Siku ya nane Rajaa alikuwa anapepeta mchele uani. Akatua ungo, akajifunga mtandio, akafungua mlango wa nje. Nidhal akamkimbilia, "Rajaa, usitoke! Nakuomba!" lakini Rajaa alikuwa amekwisha vuka barabara na anagonga kioo kwa pete yake ya ndoa. Kioo kikateremka kidogo, upana wa vidole viwili.

"Mwanangu," Rajaa akasema kwa ile sauti yake ya kusikika paa hadi paa, "kama umekuja kukaa, kaa. Kama umekuja kuua, ua. Lakini hapo uliposimama ndipo lori la takataka linapogeuzia, na mtaa mzima unanuka kwa sababu yako."

Kioo kikapanda.

Kisha gari likaondoka taratibu, likasogea mbele hatua kumi, likasimama tena.

Rajaa akarudi, akafunga komeo, akaokota ungo wake.

"Angalau lori litapita," akasema, lakini ungo ukamponyoka, mchele wote ukamwagika chini, na wakaanza kuuokota punje kwa punje, wote wawili, huku wakisikiliza ile injini.